Kujifunza Kupiga Picha Chini ya Mkorosho

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu kutoka Leipzig, Ujerumani, alifika Masasi na kisha akapanda Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Alikuwa na kamera ya vioo, kamera ya sinema na mashine iliyonasa sauti juu ya nta. Nchi ilikuwa bado katika taabu za Vita vya Maji Maji. Alikaa miezi michache, akapiga picha nyingi, akaenda zake. Picha hizo zina thamani, lakini ni picha za mpita njia. Mwanafunzi wa Newala leo, hata kama kamera yake ni simu aliyoazima kwa mzazi, anaweza kufanya jambo ambalo Weule hakuwa na nafasi ya kulifanya: kuutazama mti mmoja wa bustani ya nyumbani tangu ua la kwanza hadi korosho idondokapo.

Tuanze na mwanga. Wengi hudhani kwamba saa sita mchana, jua linapowaka sana, ndiyo saa njema ya kupiga picha. Sivyo. Hapo majani ya mkorosho huyatia maua kivuli cheusi chenye madoa makali ya mwanga. Ili kujua jua limekaa wapi, simika kijiti chenye urefu wa mita 1 tarehe 21 Juni. Kwa kuwa Masasi na Newala ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, kivuli kitakuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku hiyo mnamo saa 6 na dakika 25, nacho kitafikia sentimita 68 hivi, kikielekea kusini. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaachia wanafunzi watafute wenyewe kimo cha jua.

Sasa piga shada lilelile la maua saa 2 asubuhi, mara moja jua likiwa nyuma yako, na mara nyingine likiwa ubavuni. Katika picha ya kwanza petali na vikonyo huonekana bapa. Katika ya pili kila kinyweleo kina kivuli chake.

Jambo la pili ni upepo, ambao wenyeji wa Newala hawahitaji kuelezwa. Shada likitikisika kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, na kamera ikipokea mwanga kwa muda wa 1/50 ya sekunde, taswira ya ua itasogea milimita 2, nayo itavurugika. Kwa 1/500 itasogea milimita 0.2 tu. Basi shika kikonyo kwa mkono mmoja, au subiri upepo utulie.

Mazoezi haya si mchezo. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei ndogo na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, lakini mojawapo ilikuwa ubwiriunga. Huu ni ugonjwa wa kuvu unaofunika majani machanga na maua kwa vumbi jeupe, hata maua yakakauka bila kuzaa. Mwanzoni vumbi hilo ni jepesi mno, na juu ya ua lenye weupe wa kijani macho hulipita. Mwanga wa ubavuni hulifichua. Lakini ngoja umande ukauke, kwani matone nayo hung'aa.

Funga uzi kwenye tawi moja. Kila baada ya siku tatu, kuanzia mashada yanapochipua, lipige picha saa ileile, kwa umbali uleule, pamoja na rula na kipande cha karatasi chenye tarehe. Vumbi likionekana, mpelekee bwana shamba picha zote, pamoja na zile za siku ambazo hukuona kitu. Unga wa salfa hufaa zaidi unapopulizwa mapema, kabla ugonjwa haujaenea katika mashada.