Mashine Ikishazimwa: Madhara ya Muda Mrefu ya Ajali za Mashine za Shambani



Kwa sisi tuliokulia sehemu za mkonge, neno "korona" halikuanza na ule ugonjwa ulioingia kwetu mwaka 2020. Korona ni mashine ya kusindika mkonge: jani linaingia upande huu, linakwanguliwa nyama yake, singa zinatokea upande wa pili. Tangu Dk. Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge Tanganyika mwaka 1893, zao hilo limelisha familia nyingi za Tanga na Morogoro. Lakini mashine zake zimeondoka na vidole na mikono ya watu, na habari za watu hao kwa kawaida huishia pale kidonda kinapofunga.

Mimi nafundisha afya ya kazini huku Iowa, Marekani, jimbo la mahindi na matrekta, ambako Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha taasisi ya tiba ya kilimo tangu mwaka 1955. Ninachotaka kueleza leo ni kimoja tu: kidonda kupona si mwisho wa ajali.

Ajali yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Shafti ya trekta inayoendesha mashine ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikinasa upindo wa kanga au mkono wa koti, mtu hana hata muda wa kupiga kelele. Sasa tuangalie miaka inayofuata.

Kwanza, neva. Neva iliyokatwa hujaribu kuota tena, na isipopata pa kwenda hujikunja ikafanya kivimbe ndani ya kigutu. Ukikigusa tu, mtu anaruka. Tena zaidi ya nusu ya waliokatwa kiungo huhisi maumivu katika kiungo ambacho hakipo: vidole vinaungua, ngumi imekaza haifunguki. Marehemu mjomba wangu, aliyepoteza mkono kwenye korona, alikuwa akilalamika hivyo usiku, na jirani walisema amerogwa. Si uchawi na si wazimu. Ubongo bado una ramani ya mkono ule. Miaka ya 1990 Dk. V. S. Ramachandran alionyesha kwamba kioo cha kawaida, kikiwekwa ili mkono mzima uonekane kama ndio ule uliopotea, huweza kuwapunguzia baadhi ya wagonjwa maumivu. Kioo, jamani, ambacho hata kijijini kinapatikana.

Pili, mfupa. Jeraha la shambani huingiwa na udongo na samadi. Mbali na pepopunda, vijidudu vinaweza kujificha ndani ya mfupa uliovunjika, vikanyamaza, halafu usaha ukatoka tena baada ya miaka. Mtu hudhani ni jipu jipya, akanunua vidonge dukani, kumbe ni ajali ile ile.

Tatu, viungo vilivyobaki. Aliyepoteza mkono mmoja humbebesha mwenzake kazi zote, na bega lile huchakaa mapema. Aliyepoteza mguu huegemea mguu mzima. Goti linasagika, kiuno kinauma. Mguu wa bandia nao si wa kudumu: kigutu hubadilika umbo, kwa hiyo lazima upimwe na kubadilishwa. Wataalamu wa kuutengeneza tunao, maana chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1981. Tatizo ni nauli, gharama, na kutoambiwa kwamba unatakiwa kurudi.

Nne, moyo na akili. Mtu anashtuka akisikia injini, hataki kusogelea shamba, analala vibaya, anaona amekuwa mzigo. Huku kwetu Iowa mkulima mwanamume hapendi kuyasema haya, na sidhani kama Mtanga au Mkikuyu ni tofauti.

Kwa nini nayaleta sasa? Kwa sababu mashine zimetoka mashamba makubwa zikahamia vijijini. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa Tanzania mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono yalisambazwa kwa wingi, na mashine za kupukuchua mahindi na za kukatia majani ya ng'ombe zimekuwa vitu vya kawaida. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko wa WCF, ulioanza mwaka 2015, na mafao yake hayaishii kwenye fedha za mkupuo: yamo matibabu, pensheni kwa ulemavu mkubwa wa kudumu, na utengamao. Ni hatua nzuri sana. Ila mfuko huo ni wa mwajiriwa. Mama anayekata majani ya ng'ombe wake nyumbani hana mwajiri, basi hana wa kumdai, na mara nyingi anayelipa ni mtoto anayeachishwa shule ili ashike jembe.

Kwa hiyo, wenye jamaa vijijini, mkituma pesa za kununua mashine, tumeni na za kifuniko cha shafti na mikanda. Na kama kuna ndugu aliyeumia zamani, msimuulize tu kama kidonda kilipona. Muulizeni analalaje usiku, bega likoje, na mara ya mwisho kuonwa na daktari ilikuwa lini.