Anza na Marabu wa Nyayo

Kila msee akishika kamera mpya huniletea swali moja: "Buda, nigei setingi za ndege akiwa hewani." Anadai namba za kubonyeza ka PIN ya M-Pesa, halafu picha ijitume. Namba ziko, na nitazitema. Lakini kwanza toa flamingo wa Nakuru kwa akili. Maji ya ile lake ilipanda ile miaka ya 2010 hivi, flamingo wengi wakaishia Bogoria, na ukipiga hesabu ya fare na kiingilio unajipata umesota kabla hujatoa kamera kwa begi. Ndege wa kuanza naye yuko hapa tao, bure, kwa migunga ya kando ya Nyayo Stadium. Marabu. Kichwa kipara, mfuko wa pinki unaning'inia shingoni, miguu nyeupe ju hujinyea makusudi akijipoza jua. Hakuna msee humpenda, wote hupita hapo chini wakikimbia, na ndo maana nakushow hapo kuna pesa ya picha.

Cheki kwa nini. Akifungua mabawa yanapita mita 2, kwa hivyo anajaa kwa fremu hata na ka-lenzi kadogo ka 70-300. Alafu ni mzito, hapai fyaa ka shomoro. Asubuhi mapema hata hahangaiki, anachil tu kwa mti akingoja lami na mabati zishike moto, ju hio hewa ya moto ndo humbeba juu bila kupiga mabawa. Kwa hivyo usijisumbue na alarm ya saa kumi na moja. Saa tatu, saa nne hivi ndo wanaanza kuchomoka mmoja mmoja.

Na kabla achomoke, atajichoma mwenyewe. Ananyoosha shingo, anageukia upepo, anainama mbele kidogo, alafu, mara nyingi, ananya. Mandege kibao hufanya hivyo kupunguza mzigo. Ukiona hio mvua nyeupe, kidole iwe ishafika kwa shata. Na usisimame chini ya mti, hio sitarudia.

Sasa upepo, ju hii ndo siri wasee wa setingi hukosanga. Ndege hupaa na kutua akiangalia upepo. Ukisimama upepo ukikupiga mgongo, anakuja na uso wake kwako. Ukisimama vibaya utajaza memori kadi na matako ya ndege. Nairobi upepo mwingi hutoka upande wa mashariki, na asubuhi jua pia liko huko huko. So peana mgongo kwa Embakasi, angalia Upper Hill, na umeshika upepo na mwangaza kwa mkono mmoja.

Haya, namba. Shata ya marabu, 1/1000 inatosha. Mwewe hugeuka ghafla, mpatie 1/1600. Mbayuwayu wa chini ya flaiova ni 1/3200 na maombi. Apacha, acha f/5.6 ka lenzi ni ya bei ya chini na mwangaza ni kidogo. Jua likiwaka enda f/7.1 au f/8, picha inakaza. ISO weka Oto na uipatie kikomo, 3200 kwa kamera ya zamani, 6400 kwa hizi mpya. Najua unaogopa chenga. Acha uoga. Chenga unaipunguza baadaye kwa programu, lakini ndege aliyetikisika hata mganga hawezi mnyoosha.

Fokasi iwe ile ya kufuata: Nikon na Sony wanaiita AF-C, Canon ni AI Servo au Servo tu. Usiwashe pointi zote, ju kamera itashika matawi ama nguzo za Expressway na marabu apite akiwa ukungu. Chagua kikundi cha pointi za katikati. Hizi kamera mpya za kutafuta jicho la ndege ni moto sana kwa mawingu matupu, lakini ndege akiwa kati ya matawi nazo huchanganyikiwa. Na kuna hii: lenzi ndefu ikiwa imelala fokasi ya karibu, utaelekeza angani na hutaona ndege kabisa, ni kijivu tupu. So kabla aruke, shika fokasi kwa kitu chochote kiko umbali huo huo, mlingoti, taa ya barabara. Anza ukiwa umezumu nje, mpate, alafu ndo umvute.

Mahali wengi huchapwa ni Julai. Mbingu ya Nairobi Julai ni nyeupe ka karatasi, kamera inadhani kuna mwangaza mob, inafinya, na marabu anatoka mkaa. Dawa ya haraka ni kusukuma ekspoja hadi +1, hata +1.7, na usishtuke mawingu yakiungua, hakuna mtu alikuja kuona mawingu. Shida ni akishuka mbele ya miti. Nyuma kumekuwa giza, kamera inafungua mwangaza, na ile tumbo yake nyeupe inachomeka. Ndege ni yule yule, jua ni lile lile, kamera tu ndo imeingia baridi. Ndo maana mwangaza ukitulia mi huzima Oto yote, hata ya ISO. Napima kwa nyasi zenye ziko kwa jua moja na ndege, napiga moja ya kujaribu, nikiona manyoya meupe bado yana mistari, nafunga hapo. Apite mbele ya mawingu, apite mbele ya mti, shauri yake. Wingu likifunika jua, napima tena.

Mwili pia una setingi. Miguu panua, viwiko bana kwa mbavu, mkono wa kushoto chini ya lenzi, na ugeukie kiunoni, shingo iache. Mfuate kwanza, ndo ubonyeze, na uendelee kumfuata hata ukishaachilia. Piga kwa vipande, tatu nne, pumzika. Ukikwamilia kidole kamera ya bei nafuu inajaa na kugoma wakati ule ule marabu ameshusha miguu kutua. Kuna jamaa wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alitengeneza kamera ya umbo la bunduki 1882 ya kusoma vile ndege hupiga mabawa, picha 12 kwa sekunde moja. Kamera kibao za mtumba hapa tao bado hazifikishi hio.

Na usichukulie umbo la bunduki poa. Lenzi ndefu Nairobi huita karao na askari wa majengo haraka kuliko ndege. Nenda uwabonge mapema, onyesha picha za marabu kwa skrini. Wengi watacheka na kukuuliza mbona huyo mchafu.

Ukishawiva hapo, fungua ramani. Naivasha kuna furukombe, na wasee wa boti watapiga mbinja na kumrushia samaki aliyetiwa kijiti cha mafunjo ndo aelee. Picha inatoka safi, sikatai, lakini ni ile ile kila mtalii anayo, na ndege ameitwa ka mhudumu. Mi naona heri mwewe wa mtaa akipiga raundi juu ya uwanja wa shule saa ya lanchi, ju pale hujui atashukia chapo ya nani. Siku ukichoka na picha kavu, shusha shata hadi 1/60, mfuate ukizunguka naye, kichwa kikae na mabawa yayeyuke. Nyingi zitakuwa takataka. Ukidai kujua majina, Kenya ina aina zaidi ya 1,000, na kuna mbogi ya Nature Kenya hutembea kila Jumatano asubuhi kuanzia Museum. Wazee kwa vijana, wana macho ya kuogofya.

Jioni kwa kuchagua kuwa mkali. Jicho halijakaza, futa. Mabawa yamelala usawa na mwili ndege anakaa ka kijiti, futa. Yakiwa juu kabisa ama chini kabisa, weka. Na ukipanda mathree ya kurudi mtaani, kamera iingie kwa begi la shule lililochakaa chini ya sweta. Ile begi ya maana yenye jina la kampuni kwa mbavu ni tangazo kwa wale wasee wa dirishani.