Kutoka Kuhesabu Vituo hadi Kupima Huduma: Mchango wa Utafiti wa Huduma za Maji katika Maendeleo Endelevu ya Afrika Mashariki

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 uliokusudia kwamba, ifikapo 1991, kila kaya ya kijijini ipate maji safi na ya kutosha katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka huo ulifika lengo likiwa halijatimia. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliurudia umbali huohuo, pamoja na viwango vingine viwili: lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250. Viwango hivi vinamfaa mhandisi anayechora mtandao wa mabomba, kwa kuwa vinamwonesha mahali pa kuweka kituo. Havielezi iwapo koki hutoa maji alfajiri, ndoo huuzwa kwa bei gani, wala ni nani anayesimama kwenye foleni. Pengo hilo kati ya miundombinu iliyojengwa na huduma inayopokelewa ndilo eneo ambalo utafiti wa huduma una mchango mahususi kwa maendeleo endelevu.

Katika makala yao ya 2004, Stephen Vargo na Robert Lusch walijenga hoja kwamba mtoa huduma hamkabidhi mtumiaji thamani iliyokwisha kukamilika. Thamani huzalishwa na pande zote mbili wakati wa matumizi. Hoja hiyo ilizaliwa katika taaluma ya masoko, na ni halali kuitilia shaka inapohamishiwa kwa mwanamke anayebeba ndoo kichwani, kwani kushiriki kwake ni kazi isiyo na ujira. Hata hivyo, hapo hasa ndipo inapofaa. Kazi ya kuchota na kubeba ikihesabiwa kuwa sehemu ya huduma, huwa pia gharama inayopaswa kupimwa.

Gharama hiyo ilikuwa imepimwa zamani, hata kabla ya istilahi hizo kuenea. Katika miaka ya 1960, Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji ya nyumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania, yakiwemo Karuri, Iganga na Moshi. Kitabu chao, Drawers of Water, kilichapishwa 1972. Hawakuishia kwenye chanzo cha maji; waliwafuata wachotaji, wakapima lita, dakika, fedha na nguvu za mwili. Katika kazi hiyo Bradley alitenganisha maradhi yanayoletwa na kunywa maji machafu na yale yanayotokana na uhaba wa maji ya kunawa na kuoga, kama vile trakoma na upele. Utenganisho huo ulibadili swali la kisera, kwa sababu maji safi yaliyo mbali, au yenye foleni ndefu, hufika nyumbani yakiwa machache mno kuilinda afya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi katika maeneo yaleyale, na matokeo yao yalitolewa 2001. Katika kaya zenye mabomba, matumizi ya wastani yalikuwa yameshuka kutoka takriban lita 128 kwa mtu kwa siku hadi lita 66. Kaya zisizo na mabomba zilikuwa zimekaribia kuongeza matumizi yao maradufu, lakini bado zilikuwa chini ya lita 20, yaani pungufu ya kiwango ambacho sera ya Tanzania ingekitaja mwaka uliofuata. Muda ambao kaya hizo zilitumia kuchota maji ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi dakika 92. Mabomba hayakuwa yameng'olewa. Orodha ya miundombinu ingeendelea kuyahesabu, ilhali huduma ndani yake ilikuwa imenyauka.

Vipimo vya kimataifa vilichelewa kulizingatia jambo hili. Malengo ya Maendeleo ya Milenia yalihesabu watu wanaotumia chanzo kilichoboreshwa, bila kuuliza wanatumia muda gani kukifikia. Tangu Malengo ya Maendeleo Endelevu ya 2015, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupanga huduma kwa ngazi: huduma ya msingi hutaka safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri kwenye foleni, isizidi dakika 30, ngazi ya juu hutaka maji yawepo nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na uchafuzi. Foleni imeingia katika takwimu rasmi, nayo ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana.

Nguvu ya mfano huu imo katika marudio. Uendelevu ni dai kuhusu muda, na utafiti uliofanywa mara moja hauwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Watafiti wa baadaye waliweza kulinganisha kwa sababu maeneo na mbinu za awali zilikuwa zimeelezwa kwa ukamilifu. Tasnifu inayoeleza sampuli yake kwa aya moja, na ambayo hojaji zake hutupwa baada ya utetezi, humnyima mtafiti wa baadaye nafasi hiyo.

Nchini Tanzania swali hili limepata sura mpya tangu Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uanzishwe 2019 kwa sheria ya mwaka huo, ambapo vyombo vya kijamii husimamia miradi na kukusanya malipo. Chukua dira za malipo ya kabla. Mapato yanayokusanywa huonekana kwenye hesabu za chombo husika. Kaya iliyoishiwa salio na kurudi kwenye kisima cha wazi haionekani humo; sharti ifuatwe nyumbani, katika masika na katika kiangazi, kisha ifuatwe tena baada ya miaka kadhaa.