Watoto wa Maskati kwa bibi yao Mitundu: Waende au wasiende?



Swali la leo limetoka kwa mama mmoja aliyeolewa Maskati, mzaliwa wa Mitundu, kule Itigi mkoani Singida. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu, na wote wamezaliwa Oman. Bibi yao yuko Mitundu, macho yake yanapungua nuru mwaka hadi mwaka, na kila simu inaishia kwa swali lile lile: wajukuu zangu nitawaona lini? Mume anasita. Amesikia kuwa Tanzania kuna malaria, kuna malale, na mwaka 2025 akasikia habari za Marburg. Mama anauliza kama safari hiyo inafaa, au bibi aendelee kuwaona wajukuu kwenye simu mpaka nuru iishe.

Kwa watoto hawa, jibu langu ni waende. Lakini waende kwa wakati wake na kwa maandalizi. Na wapo watu ambao ningewaambia wasiende, nitawataja huko mbele.

Kwanza tuondoe kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Mtalii wa Kizungu anayekuja Tanzania huja na dawa zake za kinga, chandarua chake na mafuta yake ya kufukuza mbu. Sisi tuliozaliwa huku tunamcheka. Tunasema malaria ni homa yetu, tumekua nayo. Ni vyema ikafahamika kuwa kinga ile aliyonayo mtu aliyekulia penye malaria haidumu. Akikaa miaka michache Maskati au London bila kuumwa na mbu wenye vimelea, inapungua sana. Mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa. Ndiyo maana nchini Uingereza, kwa miaka mingi, wengi wa wanaorudi na malaria kutoka safarini si watalii, bali ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia jamaa zao.

Nalijua hili kwa uchungu. Mtoto wa shemeji yangu alikuja likizo na wazazi wake, akarudi ughaibuni salama, na baada ya siku kumi akapata homa. Walimpeleka kwa daktari wa huko, akaambiwa ni mafua. Mama hakusema wametoka Afrika, na daktari hakuuliza. Siku ya tatu mtoto alikuwa hawezi kuinua kichwa. Alhamdulillah alipona, lakini baada ya siku nyingi za kulazwa. Begi la mama yake lilikuwa na vidonge vya klorokwini, kwa kuwa ndiyo dawa aliyoijua alipoondoka Tanzania. Dawa hiyo iliachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwishaizoea. Iliyoifuata, SP, nayo ikaipisha dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006.

Sasa tuitazame Mitundu yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto wanane katika kila mia moja wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wastani huo unaficha mambo. Tabora ilikuwa na watoto 23 katika mia, na ndio mkoa ulioongoza, wakati Singida kwa miaka mingi imekuwa upande wa mikoa yenye malaria kidogo. Lakini asije mtu akalala bila chandarua kwa kusikia hivyo. Itigi inapakana na Tabora, na watu wanakwenda na kurudi kila siku. Na mbu hajui mpaka wa mkoa.

Msimu una uzito mkubwa. Singida hupata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mbu huongezeka wakati wa mvua na wiki zinazofuata. Barabara itokayo Itigi kushuka Mitundu na Rungwa, ambayo kiangazi ni vumbi, masika hugeuka tope, na mgonjwa wa usiku anaweza kuchelewa kufika hospitali. Bahati njema, shule za Oman hufungwa wakati wa joto lao, na Julai na Agosti huku ni kiangazi chenye baridi. Hiyo ndiyo miezi ya safari. Anayeishi Uingereza na kutegemea likizo ya Desemba, ajue amechagua mwanzo wa mvua.

Mbu na mbung'o wana saa zao

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, takriban tangu Magharibi hadi Alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo familia inakaa nje kwenye mkeka baada ya Isha, bibi anasimulia na watoto wamelala mapajani mwake. Simkatazi bibi raha hiyo. Watoto wavae mikono mirefu na soksi, wapakwe dawa ya kufukuza mbu, kisha walale ndani ya chandarua chenye dawa. Anayetoka kwenda kuswali Alfajiri msikitini naye ajipake.

Pamoja na hayo, dawa ya kinga inywewe, na inunuliwe huko huko kabla ya safari. Malarone huanza siku moja au mbili kabla ya kufika, hunywewa kila siku na huendelea siku saba baada ya kuondoka. Doxycycline huendelea wiki nne baada ya kuondoka, na haifai kwa watoto wadogo kama hawa. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake, hivyo daktari ndiye apange. Ikiwa safari imeangukia Ramadhani, Malarone inywewe pamoja na chakula cha futari au daku, kwani hufanya kazi vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta.

Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, huuma mchana. Kusini mwa Mitundu kuna Pori la Akiba la Rungwa, na ukanda huo wa miombo ni makazi yao. Hawa ndio wanaoeneza malale. Ugonjwa huo umepungua sana, na aina yake ya Afrika Mashariki sasa huripotiwa kwa watu wachache kila mwaka, lakini haujaisha. Mwaka 2001 baadhi ya watalii waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania walirudi makwao nao.

Hapa nawaambia akina mama jambo ambalo vitabu vya watalii haviwaandikii. Mbung'o anavutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Mitego inayotegwa kuwakamata hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Baibui jeusi unalolivaa Maskati, ukiwa kwenye barabara ya Rungwa ni kama umemwita. Vaa baibui au mtandio wa rangi ya udongo au ya kijivu hafifu, kitambaa kiwe kizito kwa kuwa anatoboa chepesi, na stara yako inabaki pale pale. Gari likiwa linakwenda, funga vioo, maana hufukuza chombo kinachotembea. Dawa ya mbu haimzuii vya kutosha.

Akiuma na pakavimba kama jipu, kisha ikaja homa na kichwa kuuma ndani ya wiki chache, nenda hospitali na useme umeumwa na mbung'o. Tiba ipo. Zamani ugonjwa ukishafika kwenye ubongo ilitumika dawa yenye sumu ya aseniki. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya fexinidazole.

Maji, na kusukutua

Wageni wengi hujitahidi kununua maji ya chupa, kisha wanatawadha kwa maji ya kwenye pipa. Mtoto wa miaka mitatu akiambiwa asukutue, anameza. Kwa hiyo watengee watoto birika la maji yaliyochemshwa na kupoa kwa ajili ya kusukutua na kupiga mswaki, na yale ya pipa yatumike kwa viungo vingine. Sabuni ikae chooni karibu na kopo la istinjaa. Wasiogelee lambo, kwa ajili ya kichocho. Fluoridi iliyo katika maji ya baadhi ya sehemu za Singida huharibu meno ya wanaokulia pale, haitamdhuru mgeni wa wiki tatu.

Nani asiende? Mjamzito, ikiwezekana aahirishe, kwani malaria humtafuna yeye na kilichomo tumboni. Mtoto mwenye selimundu vile vile, hasa masika. Wako wanaosikia kuwa selimundu hukinga malaria. Anayekingwa kwa kiasi ni yule aliyerithi upande mmoja tu. Mgonjwa mwenyewe malaria humuua haraka.

Kuhusu Marburg, ulitangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo, Kagera, na Machi mwaka huo ukatangazwa kwisha. Biharamulo na Mitundu ni mbali, ingawa zote ni Tanzania. Sayyidna Umar (r.a) alipokuwa njiani kwenda Sham na kuambiwa kuna tauni, aliwashauri masahaba kisha akarudi, na Abdurrahman bin Auf akamthibitishia kuwa hayo ndiyo mafundisho ya Mtume (s.a.w). Mume wa dada yetu ana haki ya kuuliza. Mlipuko ukiwepo huko mnakokwenda, ahirisheni. Lakini malaria si tauni. Ina kinga, na ina tiba ukiiwahi.

Safari yenyewe si ngumu kama zamani. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na kutoka hapo ni barabara kupitia Manyoni na Itigi. Itigi ipo hospitali ya misheni ya Mtakatifu Gaspar, kwa hiyo jueni mapema gari la nani litawapeleka mkihitajika kwenda usiku. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Atakayepitia nchi yenye homa ya manjano achukue cheti. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hakiishi muda, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Mkisharudi Maskati, andikeni tarehe ya kurudi kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Kwa miezi mitatu kuanzia hapo, mtoto akipata homa, neno la kwanza kwa daktari liwe: tumetoka Tanzania, mpime malaria. Na vyandarua mlivyokuja navyo msivirudishe. Mwacheni bibi navyo.