Farasi hawakuweza, tembo walifundishwa: ufundi wa uvumilivu uliozimika huko Uele

Kwenye barabara ya kilomita 54 inayounganisha Butembo na Beni, kila mzigo una mbebaji wake. Magunia ya kakao na kahawa yanapanda malori. Maharagi na viazi vya Lubero vinafungwa nyuma ya pikipiki. Mbao zinasukumwa kwa chukudu, na kuni zinabebwa na akina mama mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mbebaji mmoja tu haonekani, yule ambaye kwingineko duniani alibeba watu na mizigo kwa maelfu ya miaka: farasi.

Wakaaji wengi wa Beni na Butembo wanamjua farasi kwenye filamu. Hapa hakuna mazizi yake, hakuna mafundi wa kutengeneza matandiko, wala hakuna wazee wanaofundisha vijana jinsi ya kumpanda. Hata hivyo, kaskazini kidogo ya hapa, kwenye inchi ya Uele ambako malori ya wafanyabiashara wa Butembo yanapeleka bidhaa hadi Isiro na Watsa, Wakongomani waliwahi kufanya kazi iliyo ngumu kuliko kumfundisha farasi. Walimkamata tembo wa porini, wakamzoesha, wakampanda, na wakamfunga kwenye gari na jembe. Ufundi huo ulidumu kwa zaidi ya nusu karne. Leo umebaki kwenye picha za zamani.

Adui mdogo kuliko kidole

Sababu ya kwanza ya kukosa farasi ni nzi. Mbung'o, ambaye wengi wanamwita tsetse, anabeba vimelea vinavyowapa binadamu ugonjwa wa usingizi na kuwapa mifugo ugonjwa unaoitwa nagana. Farasi ni kati ya wanyama wanaoumizwa sana na nagana: anapata homa, damu inapungua, anakonda, miguu inavimba, na mara nyingi anakufa.

Butembo yenyewe iko juu, zaidi ya mita 1,700, na baridi yake haimpendezi mbung'o. Ndiyo maana kwenye milima ya Lubero ng'ombe wanafugwa bila shida kubwa. Lakini njia zote za biashara zinateremka. Zinaingia kwenye msitu upande wa Beni na Ituri, au kwenye bonde la mto Semliki, na huko mbung'o yuko. Mnyama wa kupanda anayeishi mlimani tu, asiyeweza kushuka hadi sokoni, hana faida kwa msafiri.

Matokeo yake ni kwamba mizigo ilibebwa na watu. Wakati wa misafara ya karne ya 19, na baadaye chini ya utawala wa kikoloni, mpagazi alibeba kichwani kilo 25 hadi 30, siku baada ya siku. Wengi walikufa njiani, na vijiji vingi vilikimbia ili kuepuka kazi hiyo. Kwa hiyo wakubwa wa wakati ule walianza kutafuta mnyama ambaye mbung'o hamuui.

Tembo wanne wa Msasani

Jaribio la kwanza lilianzia mbali, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1879, Mfalme Leopold II wa Ubeleji alilipia tembo wanne kutoka India pamoja na waongozaji wao. Waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya Frederick Carter, raia wa Ireland. Lengo lilikuwa kwenda nao bara hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Tembo hao walipita kwenye maeneo ya mbung'o bila kuanguka kwa nagana. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini walibebeshwa mizigo mizito, wakala chakula wasichokizoea, na wakaendeshwa kwa haraka. Walianza kufa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza alipofika Mpwapwa. Mmoja tu ndiye aliyefika upande wa Karema, naye akafa huko. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi pwani.

Safari hiyo iliacha mafundisho mawili. Tembo anaweza kuishi mahali ambapo farasi hawezi. Na mnyama mwenye nguvu kuliko wote anaweza kuuawa na haraka ya mtu anayemtumia.

Kutoka Api hadi Gangala na Bodio

Karibu miaka 20 baadaye, Leopold aliagiza wajaribu tembo wa Kongo kwenyewe. Watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba tembo wa Afrika hafundishiki, tofauti na yule wa Asia. Walikuwa wamesahau kwamba Hannibal wa Carthage alivuka milima ya Alpes mwaka 218 kabla ya Kristo akiwa na tembo wa vita, na kwamba watu wa Carthage walikuwa wakiwapata tembo wao Afrika ya kaskazini.

Kazi ilipewa afisa wa Kibeleji, Jules Laplume, kwenye inchi ya Uele. Kituo cha kwanza kilichojulikana kilikuwa Api. Mwanzo ulikuwa mbaya. Walichimba mashimo, na tembo walioanguka ndani waliumia au walikufa. Baadaye walibadilisha njia: watu wenye mbio, wengi wao wawindaji Wazande, waliingia karibu na kundi, wakafyatua risasi hewani ili kulitawanya, kisha wakamfukuza mtoto wa tembo na kumfunga kamba kwenye mguu wa nyuma. Kamba ilizungushwa kwenye mti. Mama aliyerudi kumtetea mtoto wake mara nyingine alipigwa risasi. Upande huo wa kazi hauwezi kufichwa: kila tembo aliyefundishwa alianza kwa kunyang'anywa jamaa yake.

Baadaye kituo kilihamishwa hadi Gangala na Bodio, kando ya mto Dungu. Mwaka 1938 eneo la karibu likawa Mbuga ya Garamba, mojawapo ya mbuga za zamani kabisa za Afrika.

Wimbo, viazi na mto

Mtoto wa tembo aliyekamatwa hakupandwa siku ile, wala wiki ile. Kwanza waliletwa tembo wakubwa waliokwisha kufundishwa, walioitwa walimu. Mwanafunzi aliwekwa katikati ya wawili, akafungwa kwao kwa kamba, akaongozwa hadi kituoni. Akivuta, walimu hawakutikisika. Akilala chini, walimsubiri. Hakuna mtu ambaye angeweza kufanya kazi hiyo kwa nguvu za mikono yake.

Kituoni alifungwa kwenye mti, na kila mwanafunzi alikuwa na muongozaji wake, ambaye kwa Kifaransa aliitwa cornac. Kazi ya siku za kwanza ilikuwa ndogo kwa macho: kukaa karibu naye, kumwimbia, kumgusa polepole, kumpa viazi vitamu au muhogo kwa mkono. Wataalamu kutoka Asia waliwahi kuletwa ili kuonyesha jinsi wanavyofanya kwao, lakini kazi ilibaki mikononi mwa watu wa Uele.

Mnyama akikubali kuguswa, alipelekwa mtoni kuoga pamoja na wengine. Halafu alifundishwa kusimama, kwenda, kugeuka na kulala kwa amri ya sauti. Baada ya hapo ndipo mtu alimpanda, walimu wakiwa bado pembeni. Ilichukua miezi mingi, karibu mwaka mzima, kabla ya kusemwa kwamba amezoea. Hata hapo hakupewa kazi nzito hadi mwili wake ukomae, jambo linalochukua miaka.

Wafunzaji wa farasi wanaijua sheria hiyo. Farasi anayeanza mazoezi anapata pumzi nzuri baada ya majuma machache, na misuli yake inajaa baada ya miezi michache. Lakini mishipa ya miguu na mifupa inachelewa sana kupata nguvu. Mwenye haraka anaona farasi anakimbia vizuri, anamwongezea kazi, na mguu unavunjika. Kwa hiyo fundi mzuri anaanza kwa kutembeza mnyama polepole, anaongeza umbali kidogo kidogo, na anampa siku za kupumzika. Huko Gangala na Bodio walifanya vivyo hivyo. Kazi ilianza asubuhi mapema, na jua likipanda tembo waliachwa wale na waoge. Walivuta magari na magogo, wakalima mashamba, na misheni na mashamba makubwa waliwakodisha.

Ujuzi uliokaa ndani ya watu

Kuna tofauti moja kubwa kati ya tembo na farasi, na ndiyo inayoeleza mwisho wa hadithi hii. Farasi anazaliwa zizini. Mama yake, bibi yake na mababu wa mababu zake waliishi na watu, na kila kizazi kilichaguliwa kwa upole na nguvu. Sehemu ya kazi ya mfunzaji imekwisha kufanyika kabla mtoto wa farasi hajasimama.

Tembo hayuko hivyo. Mimba yake inachukua karibu miezi 22, na mtoto anahitaji miaka mingi kabla ya kuwa na faida kwa mfugaji. Kwa sababu hiyo, kituo kiliendelea kuwakamata tembo porini. Kila mwanafunzi alianza tangu mwanzo, akiwa na woga wote wa porini. Ujuzi haukukaa ndani ya damu ya mnyama. Ulikaa kwa waongozaji: kwenye sauti zao, nyimbo zao, na jinsi walivyosoma sikio linalosimama au mkia unaokakamaa. Ulikaa pia kwa tembo wazee waliokuwa walimu. Kijana aliujua kwa kufanya kazi pembeni ya mzee kwa miaka.

Mnyororo wa namna hiyo unahitaji kitu kimoja kuliko pesa: watu kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Malori yalikuja, barabara zikafunguliwa, na faida ya tembo ikapungua. Halafu mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Uele, na kazi ya kituo ikavurugika. Miaka ya 1980 walikuwa wamebaki tembo wachache tu wa kituo. Kulikuwa na juhudi za kufufua kazi, na watalii walipandishwa mgongoni kutembelea mbuga. Kisha vita vya mwaka 1996 na miaka iliyofuata vikaja.

Garamba yenyewe iliumia pamoja. Mbuga hiyo ilihesabu zaidi ya tembo 20,000 miaka ya 1970. Leo hawafiki 2,000. Tarehe 2 Januari 2009, waasi wa LRA walishambulia makao yake makuu ya Nagero. Tangu 2005, ICCN inaiongoza pamoja na shirika la African Parks, na mwaka 2023 vifaru weupe waliletwa tena kutoka Afrika Kusini. Lakini mnyama anaweza kuletwa kwa ndege. Muongozaji wa tembo hawezi.

Kazi ileile karibu na nyumbani

Kwa watu wa Beni na Butembo, tembo si hadithi ya mbali. Wavuvi wa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, wanaishi karibu na wanyama wa Mbuga ya Virunga, na mwaka 2020 mamia ya tembo walivuka mpaka kutoka Uganda na kuingia mbuga hiyo. Hakuna anayefikiria kuwafunga kamba. Kazi ya leo ni kuwalinda, na hata hiyo imerudisha ufundi wa kufundisha mnyama kwa uvumilivu.

Mwaka 2011, Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wanusaji huko Rumangabo, kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walinzi wa mbuga walipewa mbwa wadogo, wakawalisha, wakawasafisha na kutembea nao kila siku kabla ya kuwafundisha kufuata harufu ya mtu. Kwa walinzi wengi lilikuwa jambo jipya, kwa kuwa walikuwa wamezoea mbwa wa kuogopwa au wa kufukuzwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, mzoga wa tembo aliyekatwa pembe ulionekana mbugani. Mbwa walinusa na kufuata nyayo kilomita kama 7, hadi kwenye kijiji cha wavuvi, na majangili wakakimbia wakiacha silaha zao.

Hatari ni ileile iliyoua kazi ya Gangala na Bodio. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamewatoa maelfu ya familia mashambani, na kusini mwa jimbo vita vimepita mara kwa mara karibu na Rumangabo. Watu wanaposema vita vimeharibu kitu, wanataja nyumba, masoko na madaraja. Hivyo vinaonekana, na vinajengwa tena. Kinachopotea kimya kimya ni kazi zinazohitaji miaka 10 bila kukatika: mzee wa kakao anayemfundisha kijana kupunguza matawi, fundi wa mbao na mwanafunzi wake, mlinzi na mbwa wake.

Majina ya Leopold, Carter na Laplume yameandikwa vitabuni. Majina ya Wakongomani waliokaa usiku pembeni ya mnyama mwenye hasira, wakimwimbia mpaka atulie, hayakuandikwa sana. Picha zao zipo kwenye makumbusho ya Tervuren, huko Ubeleji: wanaume waliokaa juu ya shingo ya tembo, bila bunduki mkononi. Huko Uele, watoto na wajukuu wao bado wanaishi kando ya mto Dungu. Kama kuna wimbo mmoja uliobaki, uko kwao, na mwenye kuutaka anapaswa kwenda kuusikiliza mapema.