Vipele Bapa Usoni mwa Mtoto

Leo tunazungumzia chunjua bapa, vipele ambavyo wengi hudhani ni chunusi.

Mtazame mtoto kwenye mwanga. Chunusi huuma, na nyingine hutunga usaha. Chunjua bapa haiumi wala haina usaha. Ni tambarare juu, upana wake ni milimita 1 hadi 5, na pengine hujipanga mstari mahali mtoto alipojikuna. Huletwa na virusi, si uchafu wala kijicho.

Usiitumbue, usiikate, wala usipake utomvu wa mti au maji ya betri. Kovu litabaki. Dawa ya chunjua za mikono isipakwe usoni, na krimu kali za kujichubua zinaweza kuzieneza.

Mkate mtoto kucha. Kila mtu awe na taulo na wembe wake. Nyingi hupotea zenyewe baada ya miezi, hata miaka 2.

Zikienea haraka au zikikaribia jicho, uliye Merti, Garbatulla au mjini, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukishauriwa mtoto apimwe virusi vya ukimwi, usikasirike: kinga ikipungua, chunjua huongezeka, na matibabu yapo.