Bunia: Karatasi ndogo inayookoa garanti ya mpangaji

Kupata nyumba ya kupanga mjini Bunia, jimboni Ituri, si kazi rahisi. Mji umepokea watu wengi waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu na Irumu, na wengi wao wanafika bila kujua mwenye nyumba hata mmoja. Njia ya haraka ni kupitia kwa komisioneri. Yeye ndiye anajua nyumba gani iko wazi, anazungumza na mwenye nyumba, anapokea pesa na kutoa ufunguo. Mara nyingi kila kitu kinaishia mdomoni. Shida inatokea siku mpangaji anapohama na kudai garanti yake.

Chukua mfano wa mama aliyepanga nyumba ya dola 60 kwa mwezi. Alimpa komisioneri dola 180, yaani garanti ya miezi mitatu, na dola 60 za komisyo. Baada ya mwaka mmoja anataka kutoka. Mwenye nyumba anasema alipokea dola 120 tu. Komisioneri naye anasema zile zingine zilitengeneza choo. Nani anasema kweli? Hakuna aliyeandika. Mama anapoteza dola 60, na ndizo alizotegemea ili aingie na watoto katika nyumba nyingine.

Sheria ya Kongo haikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inataka mkataba wa kupanga uandikwe. Kwa nyumba ya kuishi, garanti haiwezi kupita kodi ya miezi mitatu. Na mwenye nyumba anayetaka mpangaji atoke anapaswa kumjulisha miezi mitatu mbele. Lakini mpangaji asiye na andiko anaweza kuijua sheria yote na bado ashindwe kuonyesha kwamba alilipa.

Jambo la kwanza ni kujua pesa inaingia mkononi mwa nani. Komisioneri si mwenye nyumba. Ni vizuri garanti ipokelewe na mwenye nyumba mwenyewe, naye atie sahihi. Kama yuko mbali, komisioneri aonyeshe barua inayompa ruhusa ya kupokea kwa jina lake. Karatasi ya malipo iseme tarehe, kiasi kwa namba na kwa maneno, nyumba iko avenyu gani, pesa ni ya nini, na majina ya aliyetoa na aliyepokea. Garanti na komisyo ziandikwe mbalimbali, maana garanti inarudi lakini komisyo hairudi.

Jambo la pili ni hali ya nyumba. Kabla ya kuingiza kitanda, mpangaji apige picha za kuta, milango, kioo kilichovunjika na choo. Kisha aandike orodha pamoja na mwenye nyumba, kile ambacho ofisini wanaita état des lieux. Bila hiyo, ufa wa zamani utalipwa na mpangaji mpya.

Na kama komisioneri anapenda kuongea kwa simu tu? Baada ya kuongea, mpangaji amtumie ujumbe mfupi: "Papa, kama tulivyosikilizana leo, paa litatengenezwa kabla ya mwisho wa mwezi." Akijibu "ndiyo", jibu hilo lisifutwe. Anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money naye atunze ujumbe wa malipo. Karatasi zote zipigwe picha na kutumwa kwa ndugu anayeaminika, kwani katika mji huu watu wanajua maana ya kukimbia usiku bila kubeba kitu.

Wengi wanaona haya kuomba sahihi. Komisioneri anaweza kukasirika: "Unaniona mimi mwizi?" Jibu la upole linatosha: "Hapana Papa, ni ya kutulinda sisi wote. Kesho mwenye nyumba akikuuliza, wewe pia utakuwa na ya kuonyesha." Aliye mwaminifu hatakataa. Anayekataa kabisa kuandika amekwisha kutoa onyo, na ni heri kulisikia kabla pesa haijatoka mfukoni.

Magomvi yakitokea, mpangaji anaanzia kwenye ofisi ya servisi ya abita katika komini yake, ambako pande mbili zinaitwa kupatanishwa. Wasiposikilizana, kesi inaweza kwenda kwenye tribinali ya amani. Kote huko ataulizwa swali moja: karatasi iko wapi?

Daftari la shule na kalamu havina bei kubwa sokoni Bunia. Garanti ya miezi mitatu, kwa jamaa iliyokwisha kupoteza nyumba yake kijijini, inaweza kuwa ndiyo akiba yote iliyobaki.